Kipimo cha Kurudi

Feza, binti yangu,

Mambo ya sabuni, ya kandambili, ya kutolala mbele ya dirisha na ya kumwamkia mke wa mjomba kabla hujaomba hata maji ya kunywa, mama yako amekwisha kukuambia, tena kwa sauti kubwa hata majirani wote hadi ng'ambo ya reli sasa wanajua namna ya kuishi Kigoma. Mimi sirudii. Ninakufahamu: ukiambiwa jambo mara moja unalifanya, ukiambiwa mara mbili unaliacha ili tuone.

Nataka kukuandikia jambo moja tu, la kurudi. Najua utacheka. Sanduku lako liko mlangoni limefungwa kamba, hujaondoka hata hatua moja, na Papa ameanza hadithi ya kurudi. Cheka tu, lakini soma hadi mwisho usiku huu, halafu usome tena njiani. Ziwa ni pana, na ndani ya boti hakuna kazi nyingine isipokuwa kusoma na kutapika. Wewe utaweza vyote viwili kwa pamoja; nimekwisha kukuona ukisoma huku maharagwe yanaungua.

Univumilie pia kwa Kiswahili hiki. Ninapoandika ninavaa Kiswahili cha misioni kama shati la Jumapili. Kile cha nyumbani kikikaa kwenye karatasi kinanichekesha mimi mwenyewe, na leo sitaki kucheka sana.

Duka la mjomba Sadi, ndugu ya mama yako, ambamo utafanya kazi, linaishi kwa redio na betri. Hutakaa sana kabla mteja hajaingia na betri yake iliyokufa, akakuomba umtengenezee kitu cha kuilinda ile mpya: kipime volti, kikate betri inapochoka, kirudishe inapopona. Utamwambia hiyo ni kazi ya siku moja. Nami nilisema hivyo, na kwa kazi hiyo ya siku moja nikapata jina langu.

Jina unalijua. Tukipita sokoni wanaita Papa Taka-Sitaki, nawe unaangalia pembeni kama mtu asiyenifahamu. Mama yako anadai nililipata kwa namna nilivyomposa, leo naja, kesho sionekani. Watu wa bandarini wanadai ni kwa namna ninavyonunua samaki. Waache waseme. Jina lilitoka kwenye relai, ile swichi inayojifunga na kujiachia kwa umeme.

Ulikuwa bado mdogo. Papa Kitenge, yule mwenye duka la chumvi na boti za kwenda Moba, alikuwa ameleta foni, ile redio kubwa ya kusemea: unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikiliza, na Moba inakujibu, hata Manono. Mji mzima ulipita pale na misiba yake, ndoa zake na bei zake za unga. Umeme ulikuwa unakuja kama mgeni mwenye aibu, kwa hiyo foni ilikula kwenye betri ya lori, na chaja iliijaza siku umeme ulipokumbuka njia. Lakini watu wetu wakishika kitufe hawaachii. Wanasalimu hadi mbuzi. Betri ikanywewa mpaka chini, na betri ya asidi ukiinywa mpaka chini haiponi tena sawasawa. Nyingine ilipaswa kutoka Lubumbashi kwa treni, kama treni ipo.

Papa Kitenge akaniambia, "Fundi, unitengenezee kitu cha kusema basi, mbele betri haijasema yenyewe."

Fikra yangu ilikuwa safi. Nilichukua zena, ile diodi ndogo inayoshika volti zake palepale hata betri ipande au ishuke: hiyo ikawa jiwe la mizani. Upande wa pili nikaweka resistansi mbili za kugawa volti za betri, nipate kipande chake cha kulinganisha na jiwe. Katikati nikaweka chipu ya miguu minane, niliyoitoa ndani ya kikuza sauti kilichokufa cha orkestra moja ya mji, iwe hakimu. Ikiona kipande cha betri kinazidi jiwe, inaamuru relai ifunge na foni iwake. Ikiona kimepungua, inaamuru relai iachie na foni izime. Nilipanga ikate kwenye volti kumi na moja na nusu. Transista ya kwanza iliungua, kwa maana nilisahau diodi ya kupokea teke la relai inapoachia. Kila fundi anaua transista moja kwa njia hiyo. Wewe uliua mbili, lakini hatusemi.

Siku ya kuanza nilivaa abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Papa Kitenge alinitolea kiti. Watu walisema na Moba mchana kutwa, kila kitu kizuri, hata nikaanza kutembea na mikono nyuma kama mkuu wa biro ya serikali. Jioni betri ikafika kwenye kumi na moja na nusu, na relai ikaanza: ta-ta-ta-ta-ta, kama meno ya mtu mwenye homa. Foni ikawaka ikazima, ikawaka ikazima, na sauti ya mtu wa Moba ikawa inakuja vipande kama samaki wa kukatwa.

Papa Kitenge akasikiliza, akasema, "Fundi, hiki kinasema kuliko wateja."

Sikuelewa. Nilifikiri chipu ya orkestra bado inapiga rumba. Nilikaa na kipimavolti changu mpaka nikaona. Betri iliyochoka ni kama mtu aliyebeba gunia la mihogo. Ukimtua, ananyooka. Hajala, hajalala, hajapata nguvu hata kidogo, ila mgongo umenyooka. Relai ilipoachia, foni ilizima, betri ikatuliwa gunia, na volti zikapanda zenyewe mpaka kumi na mbili. Hakimu wangu akaona kumi na mbili, akasema huyu amepona, mrudishieni gunia. Wakamrudishia, akaanguka. Wakamtua, akanyooka. Sanduku langu la relai halikuwa na uwezo wa kutofautisha mtu aliyepona na mtu aliyetuliwa.

Nilifanya nini? Nilishusha kipimo. Nikasema, ikate chini kidogo. Ilikuwa kuuhamisha ugonjwa, siyo kuutibu. Relai haikutetemeka tena muda wote. Ilikohoa tu, mara moja, betri ikiwa imechoka na mtu akibonyeza kitufe. Foni ukisikiliza inakula kidogo, ukibonyeza ili useme inavuta kwa nguvu, na volti zinaanguka palepale. Relai inaachia, inarudi, na sauti inaanza kutoka wakati wewe umekwisha kutamka kipande cha kwanza cha neno. Kikohozi kidogo, nani atakijali?

Lakini Kiswahili chetu, Feza, kinaweka kukataa kwake mwanzoni. Mfaransa akipoteza kichwa cha maneno, bado ana "pas" yake ya kukataa nyuma. Sisi tukipoteza kichwa, tumekubali. Papa Kitenge aliwaambia watu wa Moba, "Hakuna chumvi," na mfanyabiashara mmoja akashuka bandarini na magunia matupu, kwa maana yeye alisikia "kuna chumvi". Walibishana mbele ya duka mpaka watu wakajaa, kila mmoja akiapa kwa mama yake, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mji ulicheka. Mimi nilicheka kuliko mji. Hapo nilikuwa nimekwisha kuelewa ugonjwa ni nini na dawa yake ni nini, dawa ndogo, resistansi moja. Nikasema nitaiweka juma lijalo. Walionicheka walikuwa wananipigia makofi begani, na mimi ni mtu anayependa kuchekwa. Juma lijalo likaja na juma lake lijalo.

Sasa baba yako mdogo, Kalunga, mdogo wangu, yule anayekaa Zongwe. Wewe unamjua kwa mikono yake, inavyomwaga chai kabla kikombe hakijafika kinywani. Hukumjua alipokuwa fundi wa injini za mitumbwi. Alikuwa anafungua injini huku anazungumza na wewe, haangalii, vidole vinajua vyenyewe kila skrubu ilipo.

Mkubwa mmoja wa askari alimletea injini yake. Kalunga akaitengeneza, akamwambia asiikimbize kabla haijazoea. Yule akaikimbiza. Ikamfia katikati ya ziwa, akashinda juani pamoja na mwanamke ambaye hakuwa mke wake, na wavuvi wakawaona. Injini angeweza kuisamehe. Macho ya wavuvi hakuyasamehe. Kalunga wakati huo alikuwa Moba kwa kazi nyingine, na askari wakaja hapa nyumbani kumwulizia. Mama yako aliwapa viti. Hawakukaa.

Nilikwenda kwa Papa Kitenge jioni ile, saa ambayo betri imekwisha kubebeshwa salamu za mji mzima. Moba wakamwita Kalunga, akaja. Foni ina masikio mengi, sikutaka kutoa sababu. Nikabonyeza nikasema, "Usirudi, Kalunga." Nikaachia. Nikabonyeza tena, "Usirudi, unasikia?"

Akajibu kama mdogo anavyomjibu kaka yake, "Nimesikia, yaya."

Nikaenda nyumbani nikala vizuri sana.

Alikuja na boti iliyofuata. Askari walikuwa bandarini kwa shughuli zao tu, hawakuwa hata wanamngoja. Aliwapitia mbele ya pua. Alikuwa amemshika kuku mkononi, zawadi ya mama yako. Kuku alifika nyumbani, mtu mmoja mwema alituletea. Kalunga hakufika. Walimweka ndani masika yote. Sitaandika walichomfanyia, kila anaposhika kikombe habari hiyo inaandikwa upya.

Siku ile ya kuku nilichukua chuma changu cha kuchomelea waya kwa risasi nikarudi kwa Papa Kitenge, nikaweka resistansi. Ndogo kama punje ya mchele. Nilikuwa nazo kopo zima dirishani. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha viazi.

Nitakueleza inavyowekwa, kwa maana utaiweka mara nyingi, na ningependa unapoiweka usiimbe. Unatoa waya kwenye kinywa cha hakimu, pale anapotolea amri, unaurudisha kupitia resistansi hiyo mpaka kwenye sikio lake, lile sikio linaloisikiliza betri. Basi. Akiwa amesema funga, amri yake mwenyewe inainyanyua betri kidogo masikioni mwake, kwa hiyo haachii kwa sababu ya kikohozi. Akiwa amesema achia, amri yake inaishusha betri, kwa hiyo haiamini tena haraka. Pale palipokuwa na kipimo kimoja sasa kuna viwili, kipimo cha kukata chini na kipimo cha kurudisha juu, na katikati yao kuna pengo. Ndani ya pengo hakimu habadilishi alichokisema.

Hata pengo nililikosea. Resistansi ya kwanza ilikuwa kubwa mno, ikapitisha kidogo mno, na pengo likawa jembamba kama unywele: relai iliendelea kukohoa, ila kwa heshima. Nikaweka ndogo mno, pengo likawa pana hata betri ikijaa bado sanduku linakataa. Papa Kitenge akaniambia, "Sasa umetengeneza mukwe. Hakuna kitu kinamutosha." Nikapima tena, siku hiyo kwenye vichwa vya betri vyenyewe na kwa waya wa peke yake, kwa maana nilikuwa napimia mwisho wa waya mrefu unaobeba mzigo, na waya mrefu unakula volti njiani, nilikuwa nahukumu waya nikidhani nahukumu betri. Hilo nalo ulishike, utalihitaji.

Mwisho nikapata. Ikate kwenye kumi na moja na nusu, isirudishe mpaka kumi na tatu. Kwa nini kumi na tatu? Wateja watakuuliza, watasema binti huyu anatunyima betri zetu. Betri iliyotuliwa tu inapanda mpaka kumi na mbili na kidogo, halafu inasimama. Inaweza kukaa pale siku nzima ikionekana nzima. Ili ivuke kumi na tatu lazima kuwe na kitu kinachoingia: umeme umekuja, chaja inasukuma. Kipimo cha kurudisha hukiweki mahali ambapo nafuu inafika kwa kutuliwa tu. Unakiweka juu ya hapo. Wengi wanajua kuchora saketi hii, lakini hawajui mahali pa kukiweka kipimo hicho, na mahali hapo hapatoki kwenye kitabu.

Kalunga walipomwachia nilimpeleka dukani aone sanduku. Lilikuwa wazo la kijinga, lakini sikuwa na lingine. Nilimwonyesha betri inavyochoka, relai inavyoachia, betri inavyopanda, na relai inavyokaa kimya, haidanganyiki. Watu walikuwa wamejaa dukani kumwona yeye, siyo sanduku. Akaangalia sana. Akasema, kwa sauti ya kila mtu asikie, "Mbele lilikuwa linataka, halafu halitaki. Sawa na wewe, yaya."

Wakacheka wote, wakapata la kucheka baada ya kukaa na aibu machoni. Jina likaanzia pale. Alinipa jina ili watu waache kumwangalia mikono.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniambia jambo lingine, hilo halikwenda sokoni. Alisema, "Nilisikia sauti yako inasema rudi. Nilifurahi sana."

Ndiyo maana haya ninayaandika, siyasemi.

Ungefikiri mtu aliyejifunza kwa gharama hiyo amejifunza. Sikia basi ujinga wa baba yako. Biashara ya Papa Kitenge ilipoanguka, foni ikauzwa kwa mtu mwingine, nami nikavuka kwenda Kigoma kwa Sadi, kwenye kiti kile kile utakachokalia wewe. Nilituma kidogo nilichopata. Habari zikaja: tuko vizuri, watoto wanakula, mnasoma, minerval, ada ya shule, imelipwa. Nikafurahi kama Kalunga. Nikasema nyumba imepona, nifanye nini huku kwa watu. Nikapanda boti. Mlinipokea kwa nyimbo, na kabla mvua haijakatika tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Nikaondoka tena. Habari zikaja tena, nzuri. Nikarudi tena. Wewe ulikuwa mkubwa sasa, ulikuja bandarini kunibebea mfuko, ukauliza, "Papa, safari hii unakaa?" Nikasema ninakaa. Nilikaa kweli, kwa maana nilipotaka kuondoka mara ya tatu Sadi alikuwa amempa kiti mtu asiyekuja na kuondoka. Relai ikiachia na kufunga sana, Feza, midomo yake ya shaba inaungua. Mwisho inafunga lakini haipitishi kitu. Iangalie relai kuukuu siku moja, halafu uniangalie mimi.

Siku hiyo nililalamika kwa mama yako. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Uliporudi ulileta sabuni na tumbo."

Nikamwuliza, si uliniandikia muko muzuri?

"Tulikuwa muzuri. Tulikuwa muzuri sababu hukuwa hapa. Sahani moja ilipunguka, na ile kidogo ulituma ilifika." Akapuliza makapi. "Weye fundi wa betri. Nilizani unajua."

Mama yako hajawahi kushika chuma cha kuchomelea, na sikuwahi kumweleza sanduku lile. Alisema tu kilichokuwa jikoni mwake. Nilitoka nje nikaenda kuangalia paa kama linavuja, na mvua haikuwepo.

Sasa, binti yangu. Kesho utaondoka na nyumba hii itanyooka mgongo. Wadogo zako watagawana kitanda chako, hawatapigana viwiko tena. Sufuria itatosha. Mwezi utakapopita nitakwenda kwenye foni, nitakuambia tuko vizuri, na itakuwa kweli. Ubaya wake uko hapo. Kama ingekuwa uongo ungeusikia, unanijua sijui kudanganya, sauti yangu inapanda kama ya jogoo. Itakuwa kweli, nitaisema kwa furaha, na mama yako nyuma yangu atacheka makusudi ili umsikie. Usipande boti kwa habari hiyo. Tutakuwa vizuri kwa sababu umekwenda. Ukirudi kwa sababu tuko vizuri, utarudi na sabuni na tumbo.

Usiniulize tuko namna gani. Niulize kumeingia nini. Je, walimu wamelipwa? Treni inafika na mizigo au inafika na askari tu? Papa anapata kazi inayolipwa, au bado anatengeneza redio za watu kwa mihogo? Diploma yako, ile inayokula vumbi ukutani, kuna biro hata moja mjini iliyouliza habari zake? Nikianza kukujibu kwa salamu za jirani na hali ya hewa, ujue hakuna kilichoingia. Na usiwaulize wanaopita tu, watu wa boti. Wao ni waya mrefu.

Utasikia pia redioni kwamba nchi imebadilika. Inabadilika mara nyingi, nchi hii. Utawaona wenzako wa Kigoma wanafunga mizigo wakiimba, nawe utajiona mwenye moyo wa jiwe kukaa. Kaa.

Halafu itafika siku nitakuita mimi mwenyewe. Ninajijua. Nitasema mama yako amekukumbuka, nitasema Kalunga ameuliza habari zako, sitasema ni mimi. Nitapata sababu nzuri, mimi ni fundi wa sababu. Nilikulea unitii, na umenitii, ukiacha mambo ya maharagwe. Katika jambo hili moja nakuomba uwe mtoto mbaya. Niitikie, nisalimie, uniulize kumeingia nini, halafu urudi kwenye kiti chako.

Hata wakikuita kwa msiba. Hata kama ni wangu. Watasema mengi juu yako hapa, watasema binti gani huyu. Mama yako nimekwisha kumwambia awajibu ni mimi niliyesema. Amekasirika, hajazungumza nami tangu mchana, na chakula changu ameniwekea kimefunikwa kama cha mgeni. Lakini mimi nikitoka nyumba itanyooka zaidi, na nyumba iliyonyooka inaita sana. Ninakula sana, unajua.

Sikukuambia usirudi kabisa. Sanduku lisilorudisha kamwe halina maana, hilo ni kufuli. Kuna siku kitu kitaingia. Utaniuliza nami nitakujibu moja kwa moja, bila salamu za jirani, nitakutajia kitu chenyewe kwa jina lake: wamenipa kazi fulani, wamenilipa, wamelipa tena mwezi uliofuata. Siku hiyo uje, na uje bila kuandika barua ya kuuliza. Sijui kama nitaiona. Siwezi kukuwekea ahadi ambayo sina wa kunisaidia kuitimiza.

Asubuhi sitafika bandarini. Mama yako atakusindikiza, na wadogo zako watabeba sanduku, usiwaache wakalivute kwenye mawe. Mimi nina redio ya mtu mezani, nimeahidi itasema kesho. Usiende ukiwaza kwamba Papa hana moyo. Wako watu wanaoweza kusimama pale wakapunga mkono mpaka boti iwe ndogo. Mimi nikiona kamba inafunguliwa nitafungua kinywa, na neno litakalotoka silijui.

Nenda, mwanangu. Kesho mchana hapa tutashiba.

Papa yako